Kurudisha Madigadi za Land Rover Zilivyokuwa: Matundu 11 na Unga Mweupe

Wiki mbili kabla ya chuo kufungwa, baba mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya vyuma? Njoo unisaidie kuirudisha hii gari kama ilivyotoka kiwandani."

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 aliyoinunua kwa mtu wa Arusha. Mmiliki wa kwanza alikuwa mpenda safari za porini na hakubania hela: matairi mapana ya 285/75R16, rimu zinazotokeza nje, na juu ya kila tairi plastiki nyeusi pana iliyobandikwa kwenye madigadi ili kufunika lile tairi. Land Rover inatoka kiwandani na plastiki kama hiyo, ila nyembamba. Sisi nyumbani tunaziita nyusi, kwa sababu ndivyo zinavyokaa, kama nyusi juu ya jicho. Nitatumia neno hilo hapa.

Kilichomsukuma baba mdogo si urembo. Nyusi ya nyuma kushoto ilikuwa imeng'oka porini, naye akaendelea kuendesha hivyo hivyo. Siku moja kwenye kipande cha changarawe cha njia ya Pangani, bodaboda aliyekuwa nyuma yake alikutana na jiwe usoni. Kioo cha helmeti kilipasuka, mwenyewe alipona. Baba mdogo alimlipa helmeti mpya, akarudi nyumbani, na hakuligusa gari mpaka nilipofika.

Nilidhani ni kazi ya nusu siku: fungua pana, funga nyembamba, kunywa chai. Ilichukua siku tisa. Karibu kila kilichotuchelewesha kilikuwa fizikia au kemia ya kidato cha nne ambayo sikuwahi kufikiri ningeikuta chini ya kipande cha plastiki.

Jiwe halikurushwa nyuma

Tuanze na lile jiwe, maana watu wengi wanalielewa vibaya, hata mimi nililielewa vibaya. Tunasema tairi "limerusha jiwe nyuma". Kwa anayesimama barabarani, sivyo inavyokuwa.

Gurudumu linapobingirika bila kuteleza, sehemu ya tairi inayogusa ardhi imesimama kabisa kwa muda mfupi huo. Kilele cha tairi kinakwenda kwa mara mbili ya mwendo wa gari. Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, juu ya tairi kuna mpira unaokwenda 120. Katikati ya hapo kuna kasi za kila aina, na upande wa nyuma wa tairi mpira unapanda juu.

Sasa jiwe limenaswa kwenye mfereji wa tairi. Ili lizunguke na tairi linahitaji kuvutwa kuelekea katikati. Mchapuko unaohitajika ni kasi kipeo cha pili ugawanye kwa nusu kipenyo. Tairi la 285/75R16 lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 42, na kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Piga hesabu upate karibu mita 670 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara 68 ya mvutano wa dunia. Jiwe la gramu 10 linataka kushikwa kwa kani inayolingana na uzito wa gramu 680. Mfereji unashindwa, jiwe linaachia.

Linaachia likielekea wapi? Tuseme limezunguka nyuzi 30 tu kutoka chini. Wakati huo, ukilitazama kutoka barabarani, linakwenda MBELE kwa kilomita 8 hivi kwa saa, na kwenda juu kwa mita 8.3 kwa sekunde. Tukiacha upinzani wa hewa, litapanda karibu mita 3.5 na kukaa hewani sekunde 1.7. Kwa hiyo halijatupwa nyuma hata kidogo. Limeinuliwa na kuachwa likining'inia hewani, na bodaboda anayekuja kwa 60 ndiye anayeligonga, kwa tofauti ya kilomita 52 kwa saa. Ukikaa nyuma ya gari kwenye changarawe na ukaona mawe "yanakujia", wewe ndiye unayeyafuata.

Mawe yanayoachia chini chini namna hiyo ni kazi ya kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu. Yanayoshikilia zaidi na kuachia juu ni kazi ya madigadi na nyusi yake. Sheria ya Ulaya ya 1978 kuhusu madigadi za magari ya abiria, inayojulikana kwa namba 78/549, iliandika jambo hili kwa nyuzi: chora mstari wima kutoka katikati ya gurudumu, kisha madigadi ifunike upana wote wa tairi kuanzia nyuzi 30 mbele ya mstari mpaka nyuzi 50 nyuma yake. Angalia namba hizo hazilingani. Nyuma ni zaidi, kwa sababu nyuma ndiko mpira unakopanda.

Kwenye gari la baba mdogo tulipima kwa rula na uzi wenye jiwe mwishoni. Tairi la kiwandani kwa 110 kama hii ni 235/85R16. Tofauti ya 285 na 235 ni milimita 50, nusu yake, 25, inakwenda upande wa nje. Halafu rimu. Kila rimu ina namba inayoonyesha uso wake unaofungwa kwenye gari uko umbali gani kutoka mstari wa katikati, mafundi wanaiita ofseti. Hizi za mmiliki wa kwanza zilikuwa pungufu kwa milimita 30 kuliko za mwanzo, kwa hiyo gurudumu zima lilisogea nje kwa 30 nyingine. Jumla 55. Sentimita tano na nusu za mpira hazina kitu juu yake wala nyuma yake, maana hata kile kipande cha mpira kilikuwa cha upana wa zamani.

Hapa ndipo nilipomwambia baba mdogo jambo ambalo hakulifurahia: ukirudisha nyusi za kiwandani bila kurudisha rimu na matairi, utakuwa umelifanya gari kuwa baya zaidi ya lilivyo. Alinyamaza, akauliza bei ya matairi manne, akanyamaza tena.

Kuna watu wanaokwepa gharama kwa kubadilisha matairi tu na kubaki na rimu zilizotokeza. Hesabu inapungua kutoka 55 hadi 30, bado tairi liko nje. Na kuna jambo jingine. Gurudumu la mbele linageuka kwa kuzunguka mhimili ulio ndani yake. Ukilisogeza nje, sehemu inayogusa ardhi inakuwa mbali zaidi na mhimili huo, ni kama kusukuma mlango karibu na kitasa badala ya karibu na bawaba. Kila jiwe na kila shimo linapata nguvu zaidi ya kukunyang'anya usukani. Baba mdogo alikuwa anasema gari lina "usukani wa kibishi". Nalo halikuwa likibisha bure.

Unga mweupe

Siku ya pili tulianza kufungua nyusi pana. Za kiwandani zinashikwa na vishikizo vya plastiki: unasukuma kwenye tundu, unabonyeza pini ya katikati, kinatanuka upande wa pili. Hizi pana zilifungwa kwa skrubu za stenlesi zilizotobolewa moja kwa moja kwenye bati. Madigadi ya mbele kushoto peke yake ilikuwa na matundu 11. Nne za hizo skrubu hazikuzunguka kabisa, mbili zilikatika vichwa. Na plastiki ilipotoka, kulikuwa na udongo mwekundu uliogandamana, unyevu, na kuzunguka kila skrubu unga mweupe kama sembe. Rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge.

"Hiyo ni chumvi?" baba mdogo akauliza.

Sehemu tu. Unga wenyewe ni kutu ya alumini.

Madigadi za Land Rover ni za alumini tangu gari la kwanza lilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua, ikatumika Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi. Watu husema alumini haishiki kutu. Inashika, tena haraka: ikikutana na oksijeni inajifunika kwa ngozi ya oksidi nyembamba mno, ya nanomita chache, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia iliyobaki isiliwe. Chumvi ya bahari ina ioni za kloridi, na kloridi inajua kutoboa ngozi hiyo.

Ongeza sasa skrubu ya chuma cha aina nyingine. Kila metali ina kiwango chake cha kuachia elektroni. Katika maji ya bahari, ukizipima zote dhidi ya kipimo kimoja cha maabara, zinki iko karibu volti -1.0, alumini karibu -0.75, chuma cha kawaida karibu -0.6, na stenlesi iliyo safi inakaribia sifuri. Ziguse metali mbili, zilowanishe kwa maji ya chumvi, na umetengeneza betri. Iliyo hasi zaidi ndiyo inayoachia elektroni na kuyeyuka. Katika ndoa ya alumini na stenlesi, anayeliwa ni alumini. Skrubu ilitoka inang'aa kama mpya, bati limebaki kama biskuti.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua kipande cha alumini (karatasi ya kufungia chakula inatosha), msumari wa chuma, glasi ya maji yenye kijiko cha chumvi, na mita ya fundi umeme. Visigusane ndani ya maji. Mita itasoma sehemu ndogo ya volti. Badilisha msumari uweke kijiko cha stenlesi, angalia namba inakwenda wapi.

Mwanafunzi mwenzangu niliyemweleza habari hii alinibana kwa swali zuri. Si tunafundishwa kwamba hatari ni pale metali inayoliwa ikiwa ndogo na nyenzake kubwa? Hapa skrubu ni ndogo, bati ni kubwa, kwa hiyo mzigo umetawanyika. Ni kweli, na gari likizama lote baharini angekuwa sahihi zaidi. Lakini chini ya nyusi hakuna bahari. Kuna utando mwembamba wa maji yaliyonaswa na tope, na umeme wa ioni haufiki mbali katika utando mwembamba. Mashambulizi yote yanaishia kwenye milimita chache kuzunguka tundu. Ndiyo maana kila tundu lilikuwa na duara lake la unga, na katikati ya tundu na tundu bati lilikuwa zima.

Nikarudi kukiangalia kile kishikizo cha plastiki cha kiwandani, ambacho mafundi wengi wanakitupa wakisema ni cha bei rahisi. Ni cha bei rahisi. Pia hakina elektroni za kubadilishana na mtu. Isitoshe, kinaacha nafasi ya kucheza. Plastiki kama polipropilini inatanuka kwa joto angalau mara nne kuliko alumini. Kipande cha mita moja na nusu kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi juani, tofauti ya nyuzi 30, kinarefuka milimita 4.5 hivi, na bati chini yake milimita moja tu. Hizo milimita tatu na nusu lazima ziende mahali. Kishikizo kinachocheza kinaziruhusu. Skrubu iliyokazwa haiziruhusu, kwa hiyo plastiki inapasuka kwenye tundu, au inavuta bati na kulipanua tundu kidogo kidogo kila siku. Na ukigonga kisiki, kishikizo kinakatika na nyusi inadondoka. Skrubu inakwenda na bati.

Sisemi kiwanda kilikuwa na busara kila mahali. Milango ya gari hili hili ina ngozi ya alumini iliyokunjwa juu ya fremu ya chuma, na ukingo wa chini unaliwa kwa kanuni ile ile niliyoieleza. Anayemiliki Defender pwani anaujua ugonjwa huo.

Kuziba matundu

Ushauri wa kwanza tulioupata mtaani ulikuwa puti. Jaza, piga msasa, paka rangi. Puti itakaa miezi, labda mwaka, lakini inakaa juu ya unga, na unga unaendelea kutengenezwa chini yake. Oksidi iliyolowa inachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo inasukuma. Ndiyo ile rangi iliyovimba.

Ushauri wa pili ulikuwa kuchomelea kwa mashine ya kawaida ya mageti. Hapo nilikataa, nikaonekana mjuaji. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Ngozi yake ya oksidi inayeyuka kwenye 2,072. Kwa hiyo unapoliunguza bati, ndani linakuwa uji wakati ngozi ya juu bado ni ngumu, halibadiliki rangi kukuonya kama chuma kinavyowiva chekundu, kisha ghafla linadondoka chini na umepata shimo la kupitisha ngumi. Anayechomelea alumini vizuri anatumia gesi ya agoni kuizuia hewa na umeme wa kwenda na kurudi, ambao katika nusu ya mzunguko wake unaivunja ile ngozi. Tulimpata fundi wa namna hiyo kwenye karakana inayotengeneza matangi.

Hata yeye hakuchomelea yote. Matundu saba yalikuwa mahali ambapo nyusi ya kiwandani ingeyafunika. Hayo tuliyasugua mpaka metali nyeupe inayong'aa, tukaziba kwa riveti za alumini na gundi ya kuzuia maji. Alumini kwa alumini, hakuna betri. Manne yaliyokuwa nje ya mstari wa nyusi, pamoja na mawili yaliyolika hadi ukubwa wa sarafu kwenye madigadi ya kulia, yalikatwa na kuwekewa viraka. Kuna gharama hapo pia: bati hili linapata sehemu ya ugumu wake kwa kufinywa likiwa baridi, na joto la kuchomelea linaulainisha ugumu huo kuzunguka kiraka. Kwa madigadi inatosha. Kwa kitu kinachobeba uzito nisingekubali.

Kabla ya rangi tuliweka praima ya alumini, si ile ya chuma, maana rangi ya kawaida juu ya alumini tupu haishiki. Na fundi mmoja alitaka kupaka grisi ya shaba kwenye bolti zinazofunga madigadi kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Shaba ni mbaya kuliko stenlesi mbele ya alumini iliyo kwenye chumvi. Tulitumia grisi ya kawaida na washa za plastiki.

Kama unafikiria kazi hii kwenye gari lako, usinunue nyusi za kiwandani kwanza. Fungua moja pana uangalie nyuma yake. Wengine hawakutoboa tu, wamekata ukingo wa madigadi ili tairi kubwa lisiguse, na kilichokatwa hakirudishwi na plastiki. Hapo unatafuta madigadi nzima, na ni heri kujua mapema.

Siku ya mwisho

Rimu na matairi ya 235/85 tuliyapata kwa mtu aliyekuwa anafanya kinyume chetu, anatoka kwenye ya kiwandani kwenda kwenye mapana. Walibadilishana, baba mdogo akaongeza kidogo. Tairi la mwanzo lina kipenyo cha milimita 806, lile pana 834. Kwa hiyo muda wote huo gari lilipoonyesha 80 lilikuwa linakwenda karibu 83.

Kitu kimoja tulikisahau kabisa. Tulipolijaribu, gari lilikuwa linahitaji uwanja wa mpira ili kugeuka. Kwenye ekseli ya mbele kuna bolti mbili zinazozuia gurudumu lisikate kona kupita kiasi, na mmiliki wa kwanza alikuwa amezirefusha ili matairi yake mapana yasisugue vyuma vya ndani. Tukazirudisha. Kisha tukapandisha gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa barabara ili springi ya upande huo ijikunje, mimi nikalala chini huku baba mdogo akizungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, kisha upande wa pili. Hakuna kilichogusana.

Nyusi za kiwandani zilikaa kwa vishikizo vipya. Tulinunua 20 zaidi kwa sababu vinakatika, viko kwenye kopo la maziwa chini ya kiti.

Zilipokaa ndipo tukaona kitu ambacho hatukukipigia hesabu. Juu ya kila gurudumu, nje ya nyusi nyembamba, kuna mwezi mchanga wa kijani kibichi wenye upana wa vidole vitatu. Miaka yote hiyo plastiki pana iliukinga usipigwe na jua, na gari zima lililobaki limepauka. Fundi wa rangi alitoa bei ya kupaka upya. Baba mdogo alizunguka gari mara moja, akasema acha hivyo hivyo, na sasa hivi ndivyo analitambua gari lake sokoni.